Tangi Lililoanikwa

"Atakayeniona tena na ndoo kichwani, akikate kichwa hicho aondoke nacho, ndoo na yote!"

Aliyesema hivyo ni Bi Pindo, fundi cherehani wa mtaa wetu, na alisema akiwa amesimama juu ya stuli ya plastiki ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Mbele yake walikuwepo watu wasiopungua arobaini, wamejazana uani kwake kumjulia hali mama yake aliyeruhusiwa kutoka hospitali siku ile. Msimfikirie vibaya, hakuwa amelewa. Bi Pindo hata soda hanywi, anasema gesi inamliza. Alikuwa amechokozwa na kaka yake.

Jina la Pindo tulimpa sisi. Ukimpelekea suruali, hata kama umepeleka zipu tu, itarudi na pindo jipya. Hawezi kuona nguo imefumuka chini akanyamaza. Ukimwambia hukuomba, anakujibu, "Na mimi sikukutoza. Pita." Ana miaka hamsini na mbili, mwembamba, mfupi, ana sindano mbili tatu muda wote kwenye ukosi wa gauni. Mtoto hakujaliwa. Mume aliaga zamani kwamba anakwenda kununua betri, na inaelekea betri zile zinatengenezwa mbali sana. Nyumba ni yake, vyumba viwili na kibaraza cha kuwekea cherehani, na tangu mama yake apooze upande wa kushoto, chumba chenye dirisha kubwa ni cha mama.

Kaka yake tunamwita Meneja, ingawa ni msimamizi wa ghala la magodoro katika mji ambao basi linaondoka alfajiri na kufika jioni. Siku ile alikuja na gari la kazini, shati limechomekwa, na akaamua kuongea mbele ya watu.

"Mama naondoka naye. Kwangu ukifungua bomba maji yanatoka. Kwako, dada yangu, ukifungua bomba unapata hewa na mende mmoja."

Watu wakacheka, maana ni kweli. Mabomba ya mtaa wetu yalikauka miaka minne iliyopita, na siku hizi tunayatumia kutundikia taulo.

"Kaka, huyu ni mama yangu pia."

"Nani kakataa? Mimi nasema mgonjwa wa hivi anaoshwa asubuhi, anaoshwa jioni, shuka zinabadilishwa kila siku. Hizo ni ndoo tano. Ndoo tano utazitoa wapi? Utamwacha nani naye ukienda kuzitafuta?"

Ndipo Bi Pindo alipopanda stuli. Akasema atajenga tangi la kuvuna mvua, tangi la saruji, kubwa kuliko chumba cha Meneja alipokuwa kapera. Akasema mama yake ataoga maji ya mbinguni mara mbili kwa siku mpaka achoke yeye kuoga. Na hapo akaliongeza lile la kukatwa kichwa, kwa sababu makofi yalikuwa yamemlewesha kuliko soda yoyote.

Meneja aliguna. "Haya. Jenga. Lakini sikiliza, na hawa wote wasikie. Siku nitakayomkuta mama ananuka, au nikasikia umemwacha peke yake umekwenda kuhangaika na ndoo, nampakia kwenye gari na sitaki kelele."

"Nimekubali."

Sauti ikatoka dirishani, nzito, ya mdomo unaofunguka upande mmoja. "Na mimi hakuna anayeniuliza?"

Wote wakageuka. Meneja akasogea dirishani. "Mama, wewe unataka kukaa wapi?"

"Hapa. Kwako godoro zinanuka mpira."

Mkutano ukaishia hapo, na Bi Pindo akashuka kwenye stuli kwa uangalifu kuliko alivyopanda.

*

Kazi ya tangi alimpa fundi mmoja mfupi mwenye sauti ya kuhutubia uwanja wa mpira, mtu ambaye hata akikuomba kiberiti unahisi umetangazwa. Fundi Tangi, basi. Ili saruji inunuliwe, Bi Pindo aliuza cherehani yake ya umeme akabaki na ile ya kukanyaga kwa mguu. Tulipomuuliza alisema ya umeme ilikuwa inamharakisha, haimpi nafasi ya kusikiliza umbea.

Walisuka waya wa banda la kuku kuzunguka nondo nyembamba, wakapiga plasta ndani na nje, wakalifunika kwa magunia mabichi. Kwa wiki tatu Bi Pindo alilimwagia maji asubuhi na jioni, maji ya mkokoteni ya kununua, akilibembeleza kama mtoto mwenye homa. Ukingoni mwa paa wakafunga mifereji ya bati yenye mteremko, mdomoni mwa tangi wakaweka kipande cha chandarua kuzuia majani na mijusi. Lilisimama nje ya dirisha la mama, refu kumpita Meneja, duara, jeupe. Mtaa wote ulikuja kulipapasa.

Siku ya kukabidhi, Fundi Tangi aliingiza brashi iliyofungwa kwenye mti mrefu, akachora mstari mwekundu ndani, shubiri moja kutoka chini.

"Mama, hapa sikiliza vizuri. Maji yakifika kwenye mstari huu, simama. Yaliyo chini ya mstari si yako, ni ya tangi. Saruji ya namna hii haitaki kukauka. Ikikauka na jua likaipiga, inapasuka kama kisigino."

"Yaani tangi nalo linakunywa?"

"Linakunywa. Lihesabu kama mtu wa nyumbani."

Jirani wa ukuta wa pili, mwanamke tunayemwita Redio kwa sababu hana swichi ya kuzimia, aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini. "Shoga, umejiletea mpangaji! Halipi kodi, halipiki, halifagii, na linataka maji yake yasiguswe!"

Mwaka ule wa kwanza mvua ilikuja kwa adabu. Ilinyesha wakati wake, ikapumzika, ikarudi. Tangi lilijaa mpaka likacheua. Bi Pindo alikuwa akifungua koki asubuhi, anajaza beseni, anamwosha mama yake kuanzia kisogoni mpaka katikati ya vidole vya miguu, halafu anakaa kwenye cherehani kabla wengine hatujapiga mswaki. Koki aliifungia kufuli, lakini ukija na chupa ya mtoto hukunyimwa.

Mama na mtoto walikuwa na mchezo wao. Bi Pindo alikuwa akishika mkasi wake mkubwa, anaugonga mpini kwenye ukuta wa tangi kuanzia chini kwenda juu, ko, ko, ko, na mahali maji yanapoishia sauti inageuka, inakuwa tupu. Mama yake kitandani anasikiliza.

"Kifuani," anasema.

"Hujakosea, mama. Kifuani."

Mwanamke yule alikuwa hawezi kujigeuza, lakini ndiye aliyekuwa akijua kuliko sote nyumba ina maji kiasi gani. Ukimpitia dirishani ukamsalimu, baada ya kuitikia anakupa taarifa: leo shingoni, leo kwapani. Meneja alipiga simu akaambiwa kwapani, hakuelewa, akadhani mama ana jipu.

*

Mwaka wa pili mvua haikuja. Wiki ya kwanza tulisema imechelewa. Wiki ya tatu tuliacha kusema. Wiki ya sita watu walianza kuwasalimia wenye mikokoteni ya maji kwa heshima, shikamoo mpaka kwa kijana mwenye umri wa mwanao.

Tangi likashuka kiunoni, likashuka magotini. Siku moja Bi Pindo aligonga mara moja tu chini kabisa, na sauti ikageuka palepale. Alifungua kifuniko akachungulia. Mstari mwekundu ulikuwa juu ya maji kwa unene wa kidole.

Akasimama, kama alivyoambiwa. Wiki mbili nzima hakuligusa. Alinunua maji ya mkokoteni yalipopatikana, na yalipatikana Jumanne na Ijumaa, mwenye mkokoteni akijisikia. Ndoo tano zikawa tatu, tatu zikawa mbili. Mama akawa anafutwa kwa kitambaa asubuhi na kuoshwa jioni. Halafu jioni nayo ikawa ya kitambaa. Shuka zikakaa siku mbili, siku tatu. Chumbani kukaanza kuwa na ile harufu ambayo mgeni anaisikia akiwa mlangoni, anajifanya anatafuta pa kuweka viatu.

"Nanuka," mama alisema.

"Hunuki, mama."

"Pua yangu haikupooza."

Bi Pindo alitoka nje akaenda kusimama kando ya tangi. Tulimwona kutoka barabarani. Ndani ya saruji ile kulikuwa na ndoo kama thelathini, safi, zimekaa tu, zinamlinda mpangaji.

Jumatano simu ililia. Meneja anakuja Jumamosi. Alisema amepita pita na kusikia kwamba huku ukame ni mkali, anataka kuona kwa macho yake. Hakutisha, hakupandisha sauti. Bi Pindo aliweka simu chini, akakaa na uzi mdomoni bila kuutunga.

Alhamisi asubuhi aliuvuka mstari mwekundu.

Redio, ambaye shingo yake ilikuwa tayari juu ya ukuta, aliita, "Shoga! Na maji ya tangi?"

"Tangi litanisamehe siku mbili. Anga hulioni? Na wametangaza, Jumapili mvua."

"Wametangaza hata mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita walibahatisha. Safari hii walitaja na upepo."

Kweli kulikuwa na mawingu, tusimlaumu. Alianza na mama yake: alimwosha kwa maji matatu, akamwosha nywele, akamkata kucha. Akafua shuka zote saba, foronya, chandarua, mapazia, mpaka kitambaa cha kufunikia cherehani. Akasugua sakafu. Uani palionekana kama duka la vitambaa. Ilipofika Ijumaa mchana maji yalikuwa yamekwisha, chini ya tangi kumebaki tope jembamba la mwaka mzima, na Bi Pindo akamfikiria kaka yake. Meneja ni mtu wa ghala. Anachungulia chini ya kila kitu. Atafungua kifuniko, atamulika, ataona tope, na atasema, mama yangu anaoshwa na hiki?

Basi akavua viatu, akapanda ngazi, akaingia ndani ya tangi mwenyewe kupitia kwenye kifuniko, wembamba wake ukamsaidia. Tulikuwa tukimsikia anasugua kwa brashi na kuimba humo ndani, sauti inazunguka. Alitoa tope kwa kizoleo, akafuta kwa vitambaa vikavu mpaka kona ya mwisho, ingawa duara halina kona. Halafu akatoka, akatazama kazi yake, akakiacha kifuniko wazi ili jua liingie, tangi lisije likabaki na uvundo. Kitu kikifuliwa kinaanikwa. Ndivyo alivyofanya na kila kitu maishani mwake, na ndivyo alivyofanya na tangi. Kosa lenyewe ndilo hilo, na mtu mchafu asingelifanya.

Jumamosi Meneja alifika. Alinusa shuka kama anapokea mzigo. Alimbusu mama yake kwenye nywele, akarudia, maana zilinukia sabuni. Alipanda ngazi akamulika tangi kwa simu.

"Safi. Ila halina kitu."

"Limesafishwa. Kesho linajaa."

Meneja alishuka, akajipangusa mikono ambayo haikuwa na vumbi. "Dada, nilikudharau. Nisamehe." Akaondoka jioni ile ile na gari lake, bila mgonjwa. Bi Pindo alimpungia mkono mpaka vumbi likatulia, halafu akaingia ndani akacheza, peke yake, katikati ya chumba, mama yake akimhesabia mapigo kwa mkono mmoja uliobaki mzima.

*

Jumapili mawingu yalikuja juu yetu, yakasimama, yakaendelea na safari. Jumatatu jua lilitoka limeoga.

Bi Pindo alifunika tangi. Alimwaga ndani madumu matatu ya kununua. Yalinywewa kabla ya kesho yake. Akamwaga mengine mawili. Halafu ikabidi achague kati ya tangi na mama, na hapo hakuna aliyehitaji kumshauri.

Siku ya kumi na mbili tangu lianikwe, saa saba mchana, mama alimwita. "Kitu kimevunjika huko nje."

"Kitu gani?"

"Kimelia kama mfupa."

Ufa ulikuwa mwembamba, kama uzi wa kutia vifungo, umeanzia chini kabisa ukapanda mpaka usawa wa kiuno chake. Aliupitisha kidole juu chini, juu chini. Fundi Tangi alipokuja aliutazama akiwa ameshika kiuno, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akiongea kwa sauti ya kawaida.

"Mama, lilikauka?"

"Nililisafisha."

"Nakuuliza, ulilianika?"

Bi Pindo akaanza kufuta vumbi la ufa kwa pindo la gauni.

"Hili si shuka, mama," Fundi alisema.

Alichimbua ufa, akapaka saruji laini, akafunika magunia. Wiki iliyofuata mvua ilianza. Ilikuja kama mtu aliyechelewa harusi, kwa fujo, na usiku mmoja tu tangi likafika kifuani. Asubuhi Bi Pindo aligonga kwa mkasi, mama akajibu, na nyumba ikacheka. Mchana mama alisema, "Gonga tena."

Akagonga.

"Imeshuka."

"Haijashuka, mama, umesinzia tu."

"Gonga tena."

Kiraka kilikuwa kimelowa, kinatoa jasho, halafu chozi, na kufikia jioni kilikuwa kinatema. Maji yaliingia chini ya ukuta wa chumba cha mama, rangi ikavimba, sakafu ikawa na ubaridi wa samaki. Fundi alirudi mara ya pili na lami na waya mpya. Ilishika siku tatu. Alipoitwa mara ya tatu alikuja mikono mitupu.

"Nikwambie ukweli au nikubembeleze?"

"Sema."

"Limekufa. Maji yamefika kwenye waya, waya umeshika kutu, umevimba, unalipasua kutoka ndani. Naweza kuja kulipaka kila wiki, na kila wiki litavuja. Unataka lingine, tuanze upya chini."

Kuanza upya kwa kitu gani? Cherehani iliyobaki ni ile moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Bi Pindo alimpa Fundi kikombe cha maji anywe. Kwa hali ilivyokuwa, ule ulikuwa ukarimu wa kutisha.

Msimu wenyewe ukawa wa dhihaka. Mvua ilikuwa inanyesha, paa linamwaga, mifereji inapiga kelele, na yote yanapita tangini kama abiria wa kushuka kituo kinachofuata. Bi Pindo alipanga chini ya paa kila chenye tumbo: ndoo, mabeseni, sufuria, karai, chombo cha kulowekea nguo. Kumi na vinne kwa jumla, tulivijua kwa rangi. Vilitosha siku mbili na nusu. Mvua ikikata siku tano, siku mbili na nusu nyingine zinabaki wazi, na mama haachi kujikojolea kwa sababu hakuna wingu.

Pesa ya mkokoteni ikaisha, ikabidi ndoo irudi kichwani. Asubuhi ya kwanza alipita upande wa nyuma ya nyumba, lakini mtaa wetu hauna nyuma. Kinyozi alikuwa ameshafungua.

"Bi Pindo! Kichwa tukichukue leo au mpaka kesho?"

"Chukueni," alijibu bila kusimama. "Ila ndoo niachieni, ina mtu anaisubiri."

Kinyozi alikusudia utani. Alikata nywele za mteja wake vibaya siku ile, na baadaye akampelekea Bi Pindo dumu moja. Lakini dumu moja ni dumu moja.

Maji yalikuwa kwenye pampu ya mkono ya shule, ng'ambo ya uwanja, na foleni yake ilikuwa ya saa mbili, siku nyingine tatu. Kabla ya kuondoka Bi Pindo alimgeuza mama yake upande wa ukutani, akamzungushia mito, akamwambia Redio amsikilizie. Redio anasikiliza kila kitu, lakini ana watoto watano na kibanda cha kuuza nyanya. Nguo za wateja zikalundikana kibarazani. Watu walianza kuja kuzichukua bila kushonwa, kwa upole, wakisema wamebadilisha mawazo kuhusu kitambaa.

Jumatano moja aliondoka saa mbili asubuhi, anga jeupe. Mabeseni aliyapanga ndani, karibu na mlango wa mama, yasiibiwe. Saa nne, akiwa na watu kumi na mmoja mbele yake kwenye foleni, mvua ilianguka. Foleni yote ilikimbilia kibarazani mwa darasa. Yeye alibaki mvuani na ndoo zake, maana ukiondoka umepoteza nafasi. Baadaye alisema alikuwa na furaha. Alikuwa anahesabu kwamba akirudi nyumbani na ndoo zake mbili, shuka ataziloweka siku hiyo hiyo.

Mama yake alisikia mvua akiwa kitandani. Alisikia paa, alisikia mfereji, alisikia maji yanamwagika mahali ambapo hapakuwekwa kitu. Na mwanamke huyo, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi kujigeuza mwenyewe, alisukuma mito kwa mkono mmoja, akajitupa chini, akajiburuta mpaka mlangoni akisukuma beseni la bluu mbele yake.

Redio alimkuta kizingitini, nusu ndani nusu nje, shavu kwenye tope, nyonga imeumuka, beseni limepinduka mbali na mkono wake. Alikuwa ameshalala hapo muda ambao hakuna anayeujua. Redio alipiga kelele, tukaja, tukambeba. Ni Redio pia aliyempigia Meneja. Watu wengine walimsema kwa hilo. Mimi siwezi; simu ilikuwa mkononi mwake na mgonjwa analia, angempigia nani?

Bi Pindo alifika na ndoo moja kichwani na nyingine mkononi. Alituona tumesimama mlangoni. Alizitua polepole zote mbili bila kumwaga hata tone, ndipo akakimbia.

"Mama! Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Ilikuwa inapotea bure," mama alisema.

*

Meneja alisafiri usiku kucha, akafika asubuhi na gari la ghala, nyuma ametandika godoro na turubai. Safari hii hapakuwa na stuli wala watu arobaini. Daktari wa zahanati alishasema nyonga haijavunjika, imeteguka, na mgonjwa asiguswe na unyevu. Meneja aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba, akakitoa kikiwa kimelowa, akamwonyesha dada yake.

"Kaka, nipe mwezi mmoja."

"Wa kufanya nini?"

Alifikiri. Sisi tuliokuwa dirishani tulifikiri pamoja naye. Hakuna aliyepata.

"Basi tumuulize yeye," Bi Pindo alisema. "Mara ile tulimuuliza." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, unataka kukaa wapi? Sema tu. Ukisema hapa, hakuna atakayekugusa, hata awe na magari kumi."

Mama alitazama mikono ya binti yake, iliyochubuliwa na mishikio ya ndoo, vidole vimevimba mpaka sindano haishikiki. Kisha akageuza macho kwa Meneja.

"Nipeleke," alisema.

"Mama..."

"Wewe utalala," alimwambia binti yake. "Lini umelala?"

Tukambeba na godoro lake. Bi Pindo alifungasha shuka saba, zote zina pindo jipya. Alimvisha gauni la kijani, akamchana, akapanda nyuma ya gari kumfunika turubai, na alipomaliza kumfunika akaanza tena mwanzo, mpaka Meneja akasema taratibu, "Dada. Jua linapanda." Akashuka. Gari lilipokata kona, mkono mmoja ulionekana juu ya ubao wa pembeni, unapunga vibaya.

Mwezi ule wote mvua ilinyesha. Vyombo kumi na vinne vilijaa vikamwagika, na Bi Pindo hakuwa na la kufanyia yale maji. Fundi Tangi alikuja kuomba samahani, akakuta hakuna anayemlaumu, akaondoka ameudhika. Chumba chenye dirisha kubwa ukuta wake ulianza kuota kitu cheusi. Hakukisugua.

Jumapili Meneja hupiga simu na kuiweka kwenye sikio la mama. Sauti inakuja na mwangwi wa vigae.

"Nimeoga mara mbili," mama anasema. "Maji ya moto."

"Vizuri, mama."

"Huyu msichana wanayemlipa ana haraka. Haoshi katikati ya vidole."

"Nitamwambia kaka."

"Unakuja lini?"

"Nikimaliza sare za shule, mama. Wiki ijayo."

Sare zilikwisha zikaja nyingine. Wiki mbili zilizopita alivaa gauni la kutokea, akaenda mpaka ofisi ya mabasi, akauliza nauli dirishani, akashukuru, akarudi kwa miguu, akakaa kwenye cherehani. Nauli ya kwenda tu, bila ya kurudi, ni shilingi elfu arobaini na tano.